Maonyesho kwenye godauni la kahawa Moshi: tumewaalika watu washike, sasa kazi zinaharibika

Godauni_Moshi

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wale mnaoandaa au kutunza kazi za sanaa kwenye majengo yaliyoachwa, hasa kazi ambazo mgeni anaruhusiwa kuweka mkono.

Jengo ni godauni la zamani la kahawa, Moshi mjini upande wa reli. Upana mita 12, urefu mita 30. Kuta ni za mawe na plasta ya chokaa, sakafu ni saruji yenye nyufa, kenchi za mbao, juu mabati. Umeme ulikatwa zamani, taa chache tunawasha kwa sola. Maonyesho ni ya wiki 6 na tumemaliza 2. Kuingia ni bure. Siku ya kawaida tunapata watu 60 mpaka 80, Jumamosi wanafika 200, wengi wao wanafunzi.

Kazi ziko nne. Ya kwanza ni wavu wa kamba za katani unaoning'inia kwenye kenchi; mgeni anapewa kipande cha kitenge akifunge popote. Ya pili ni ukuta wa mwisho, ule wa mita 12, watu wanaandika kwa mkaa. Ya tatu ni sakafu ya maganda ya kahawa, mita 6 kwa 5, watu wanatembea juu yake. Ya nne siyo ya kugusa kabisa: picha 18 za karatasi kwenye ukuta wa pembeni, na sanamu ya vyuma chakavu iliyozungushiwa nyaya za shaba.

Hali ya leo: kulabu mbili za wavu zimechomoka na upande mmoja umeshuka mpaka usawa wa kiuno. Maandishi yamevuka kona yakaingia kwenye picha 5, mengine kwa maka peni ambazo sisi hatukutoa. Maganda yanatoa vumbi, msimamizi wetu mmoja anakohoa kutwa. Shaba ya sanamu imeondoka karibu yote, bila shaka usiku.

Kamati imegawanyika. Nusu wanataka kamba za kuzuia na mabango ya USIGUSE kila mahali. Nusu wanasema hapo tutakuwa tumeua wazo lenyewe, na kwamba hata maandishi juu ya picha ni ushiriki. Mnaojua, mpaka unawekwaje kwa vitendo? Hela ni kidogo, ila fundi seremala na mchomeleaji tunao.

FundiKenchi

Mkuu, mjadala wa wazo uusubirishe kwanza. Kulabu inayochomoka juu ya vichwa vya wanafunzi ni sababu ya kufunga kazi hiyo leo hii, ifunguliwe ikishatengenezwa.

Uzito wa vitenge usikutishe. Kipande cha sentimita 5 kwa 60 kina gramu 4 hivi, kwa hiyo hata vipande 3,000 ni kilo 12 tu. Kinachong'oa kulabu ni mkono. Mgeni akikuta sehemu ya chini imejaa, anaushika wavu anauvuta ili afunge juu zaidi. Mtoto akibembea, kamba inapokea uzito wake wote na ziada, tena kwa kishindo. Kulabu ya skrubu imeshikwa na meno yake tu ndani ya mbao, na ninyi mnaivuta kuelekea kule kule inakotokea. Mbao ikiwa kavu ya miaka mingi, yenye nyufa au dumuzi, haina cha kushikilia.

Kabla ya kufunga chochote, kagua. Chukua bisibisi bapa, isukume kwa mkono kila baada ya sentimita 30 kwenye boriti ya chini ya kenchi. Ikizama zaidi ya mm 5 hapo hapafai. Gonga kwa nyundo pia. Sauti ya mvungu maana yake mchwa wameshapita. Usitundike katikati ya boriti ya chini, tundika karibu na maungio. Na acha kulabu za skrubu. Ama toboa tundu lipite boriti nzima, uweke bolti ya mm 10 yenye jicho, washa pana ya mm 50 na nati mbili juu. Ama, na hii naipenda zaidi kwa jengo la kuazima, zungushia boriti mkanda wa kufungia mizigo ya lori, hautoboi mbao ya mtu. Kisha jaribu kila sehemu moja moja: mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50, ikiwa sentimita 20 tu kutoka sakafuni, saa nzima, bila mtu karibu.

Hayo yote ni ya usalama. Kosa la mpangilio bado liko pale pale: wavu wa kutazama na wavu wa kufungia mmeufanya mmoja. Tenganisha. Wa kutazama uanzie mita 2.7 kwenda juu, mkono usifike. Wa kufungia uwe fremu inayosimama yenyewe, bomba la chuma la inchi moja na nusu, upana mita 2, kimo mita 1.6, miguu ya umbo la T ya sentimita 80 kila upande, na bamba zito chini ili isianguke ikiegemewa. Kamba zikazwe humo kwa matundu yasiyozidi sentimita 8. Msiweke matundu ya 15 au 20 hata kama yanapendeza, kwa sababu kichwa cha mtoto kinaingia na hakitoki. Fremu ikijaa, jioni wavu wake unafunguliwa, unapandishwa kwa kapi kuungana na ule wa juu, na mwingine mtupu unakazwa. Fremu 3 zinawatosha hata Jumamosi.

Katani nayo ina tabia yake: ikilowa inafupika na kujikaza, ikikauka inalegea. Kama bati linavuja juu yake, kila asubuhi mtakuta mikazo imebadilika.

Na msidhani ni watoto tu. Mwaka 1971 jumba la sanaa la Tate la London liliweka vifaa vya msanii Robert Morris vya watu kupanda, kusukuma na kubembea. Maonyesho hayo yalifungwa baada ya siku 4, watu wameumia na vifaa vimevunjika. Waliokuwa wanabembea ni watu wazima. Yalipojengwa upya mwaka 2009, walibadilisha mbao na namna ya kuunganisha.

Chokaa_na_Brashi

Nichukue ukuta, maana hapo tatizo ni hesabu kuliko nidhamu.

Ukuta wa mita 12, sehemu ambayo watu wanaifikia tuseme ni mita 1 ya kimo: mita za mraba 12. Sentensi moja ya kawaida inakula sentimita 60 kwa 8. Gawanya, unapata nafasi 250. Kwa watu 80 kwa siku unajaa siku ya tatu. Jumamosi moja peke yake inakula nafasi 200. Mliweka ukuta wa wiki 6 wenye nafasi za siku tatu. Ukuta ukijaa, aliyekwisha kushika mkaa harudishi mkono mfukoni, anatafuta nafasi iliyo karibu, na iliyo karibu ni picha zenu.

Kwa hiyo ongezeni mzunguko. Ukuta wenyewe muuache. Msipake rangi ya ubao, ile ya ubao wa darasani, juu ya plasta ya chokaa hata kwa dawa! Chokaa inapumua, unyevu unaopanda kutoka ardhini unatokea humo. Ukiuziba kwa rangi ya maji ya plastiki au ya mafuta, unyevu unakwama nyuma, chumvi inajitokeza, na baada ya masika moja rangi inabanduka ikiwa na plasta yake. Mwenye jengo atawadai, na atakuwa na haki.

Tumieni plaiwudi ya mm 12, futi 8 kwa 4, iliyolazwa. Moja ina kilo kama 20, watu wawili wanaitosha. Nne kwa mstari zinawapa mita 9.76. Ukingo wa chini uwe sentimita 60 kutoka sakafuni, wa juu utafika mita 1.82, mtoto wa darasa la pili na mtu mzima wote wanapata pa kuandika. Zifungwe kwenye mbao za mbili kwa mbili zilizosimamishwa kila sentimita 60, na mbao hizo zibebwe na sakafu, zishikiliwe ukutani sehemu mbili tatu tu. Nyuma panabaki upenyo wa sentimita 5 wa hewa. Piga msasa, praima mkono mmoja, rangi ya ubao mikono miwili. Eneo ni mita za mraba 12, mikono miwili ni 24. Lita moja inafika mita 10 hivi, kopo la lita 4 linabaki. Acha siku 3 ikauke. Kisha laza chaki ubavu, sugua ubao mzima, futa. Ukiruka hatua hii, maandishi ya siku ya kwanza hayafutiki kabisa, yatabaki kama kivuli mpaka mwisho.

Chaki, siyo mkaa. Mkaa ukishikwa unahamia kwenye nguo, kwenye vitenge, kwenye picha.

Chora mistari kwa rangi nyeupe, ubao mzima, kila mstari na mwanzo wake. Msanii Candy Chang alifanya hivyo New Orleans mwaka 2011 kwenye ubavu wa nyumba iliyotelekezwa: rangi ya ubao, sentensi moja iliyoanzishwa kwa kiolezo ikirudiwa mstari hadi mstari, mpita njia anaimalizia. Ulijaa kesho yake. Mtu akiona mstari wake anaandika kwa ukubwa wa mstari; bila mstari wa kwanza anaandika jina lake kwa mita moja na nusu, na wa pili anataka kumzidi. Kila jioni piga picha bao zote, kisha futa moja kwa zamu kwa kitambaa chenye unyevu (kavu inarusha vumbi). Jumamosi futa mbili saa sita mchana. Anayekuja anakuta ya wenzake na nafasi yake pia.

Picha zihamie ukuta wa mbele yake, na kati ya ubao na kazi yoyote nyingine paachwe mita 1.5 tupu.

Kusafisha: mkaa juu ya chokaa usiguswe na maji, maji yanausukuma ndani. Brashi laini kavu kwanza, halafu donge la unga wa ngano lililokandwa gumu, unaligusisha na kulinyanyua bila kusugua, ukikunja upande mchafu ndani. Maka peni haitoki. Ukiipaka chokaa juu, wino unapenya unatokea tena. Paka shelaki, ile ya maseremala, juu ya herufi tu, mara mbili, ikikauka rudisha chokaa mikono mitatu myepesi kama maziwa, ukuta ukiwa umeloweshwa, siku moja kati ya mkono na mkono. Vaeni miwani, chokaa ikiingia jichoni si mchezo. Picha zilizoandikwa kwa maka peni ndiyo basi, chapisheni nyingine. Zile za mkaa tu jaribuni donge kavu.

BintiMawenzi

Maganda. Hili wakubwa waliliona kabla yenu. Oktoba 2010 msanii Ai Weiwei alimwaga mbegu za alizeti milioni 100, za kauri, kwenye ukumbi wa Tate Modern, ambao ulikuwa kituo cha kufua umeme kilichofungwa mwaka 1981. Watu walialikwa kutembea na kujilaza juu yake. Siku ya tatu wakafungiwa nje, kwa sababu miguu ilikuwa inasaga kauri kuwa vumbi la kuvutwa puani. Mbegu zilibaki, ila za kutazamwa. Kauri ni ngumu kuliko ganda la kahawa mara nyingi, na bado ilisagika.

Ganda la kahawa ni jepesi na linavunjika kirahisi, na ndani yake kuna ngozi laini ya punje ambayo ndiyo inayopeperuka. Mita 6 kwa 5 kwa kina cha sentimita 5 ni mita ya ujazo moja na nusu, magunia kama 11 ya yale yanayobeba kilo 100 za mahindi. Je, mlichekecha kabla ya kumwaga? Kama hapana, toeni yote nje, siku kavu, chekecheni kwa wavu wa mm 2, upepo uchukue vumbi, anikeni juani. Mwagieni juu ya turubai, siyo juu ya saruji, kwa sababu nyufa za sakafu zinapitisha unyevu na maganda yenye unyevu yanaota ukungu chini wakati juu yanaonekana makavu. Ukungu ukinuka mmeshachelewa, tupeni yote. Zungusheni ukingo wa mbao za mbili kwa nne, zilizopigwa msasa.

Halafu badilisheni theluthi moja kila wiki, yaani magunia 4, kwa sababu yaliyosagika yanashuka chini na reki haiyafikii. Watu wasizidi 10 kwa wakati mmoja. Asubuhi fungueni milango yote miwili nusu saa kabla ya wageni. Msinyunyizie maji kupunguza vumbi, kila mtu anapendekeza hivyo na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Msimamizi anayekohoa aondoke kwenye eneo hilo kabisa, barakoa ya kitambaa haitamsaidia. Na maganda ni kuni! Mtungi wa kuzimia moto, wa unga, wa kilo 6 mlangoni, ndoo 4 za mchanga, na sigara iishie nje ya geti. Kama hamuwezi haya, zungusheni kamba yawe ya kutazama tu.

Vumbi lingine ni la jengo. Juu ya boriti mkikuta mavi ya popo msifagie makavu, yana vimelea vinavyoshambulia mapafu. Lowesheni kwa maji ya sabuni, kusanyeni na glovu na barakoa nzito. Pia pembe za magodauni ya kahawa huwa zimebaki na dawa za shamba. Ukiona unga wa buluu ni mrututu, usiuache mahali mtoto anaweza kuupaka mkononi kisha akala embe. Msanii Roger Hiorns alimimina lita 75,000 za maji ya mrututu kwenye nyumba tupu ya kupanga, kusini mwa London, mwaka 2008, fuwele za buluu zikafunika kuta, dari na beseni la kuogea. Wageni waliingia wamevaa buti na glovu. Ni mrututu ule ule ambao mababu zetu waliupulizia kwenye mibuni, na kule hakuna aliyeruhusiwa kuugusa kwa mkono mtupu.

Mzee_wa_Njoro

Nasoma hesabu nzuri, lakini shaba haikuondolewa na mgeni wa maonyesho.

Shaba inauzwa kwa kilo, na soko lake halina maswali. Ukiining'iniza kwenye jengo ambalo mtaa mzima unajua halina mlinzi, umeanika hela. Bati la alumini na birika la shaba nyeupe vivyo hivyo. Chuma cha kawaida bei yake ni ndogo, kinabaki. Rudishieni sanamu kwa waya wa chuma wa kufungia nondo uliopakwa rangi ya shaba. Anayejua kupima ataukwaruza mara moja, aone kijivu, aondoke. Bolti zote zipondwe meno baada ya kukazwa, spana isifungue. Sanamu ifungwe sakafuni sehemu tatu. Ncha zote kali zilizo chini ya mita 2 zipitishwe grenda.

Kabla yenu, godauni hilo lilikuwa na watumiaji. Watoto wanacheza mpira humo mvua ikinyesha, mama anahifadhi mahindi yake mlango wa nyuma, bodaboda wanakaa kivulini. Mmeingia mkawafungia. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mwombe vijana wawili wa pale pale wawe wasimamizi wa zamu, kwa malipo, na mmoja alale hapo. Mlinzi wa kutoka mbali mwenye rungu hajui nani ni mtoto wa nani. Bodaboda waambieni saa za kufunga, wanaona kila anayetoka na mzigo.

Kuhusu mabango, mimi siko na nusu yoyote ya kamati. Chumba kimoja chenye GUSA na USIGUSE kinamchosha mgeni. Gaweni jengo: kutoka mlangoni mita 20 za kugusa, halafu mstari mweupe wa sentimita 10 sakafuni na benchi refu la kukalia, ng'ambo yake ni ya macho tu. Benchi linazuia kuliko kamba. Kamba mtu anaipita kwa kuinama, benchi anakaa. Mchoro wa kiganja upande mmoja, wa jicho upande wa pili, basi, hata asiyesoma anaelewa.

Ila hao wanaosema kila kitu ni ushiriki nawaambia hivi. Naples, 1974, msanii Marina Abramović aliweka mezani vitu 72 akawaachia watu wamtumie wapendavyo kwa saa 6. Walianza kwa ua na busu. Kabla ya saa kuisha nguo zake zilikuwa zimekatwa na mtu amemwelekezea bastola. Yeye alilitaka jaribio hilo juu ya mwili wake mwenyewe. Mpiga picha wenu aliulizwa?

KaratasiMbele

Nimalizie hapo alipogusa Mzee. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kukatwa au kubadilishwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata kama nakala hiyo si mali yake tena. Kwa hiyo kama maandishi juu ya picha ni ushiriki au ni uharibifu, kamati haina kura. Anayejibu ni mpiga picha, kwa maandishi.

Kwa kila kazi andikeni ukurasa mmoja: nini kinaruhusiwa kuisha, kwa kiasi gani, nani anakijaza, na ni hali gani ikifika kazi inafungwa. Msanii Felix Gonzalez-Torres ana rundo la pipi la mwaka 1991 ambalo mtazamaji anachukua moja. Uzito uliokusudiwa ni kama kilo 79, na mwenye kuionyesha anaweza kulijaza tena linapopungua. Pipi kuondoka siyo hasara, imeandikwa. Kwenu: vitenge vikate 1.5 kwa kila mgeni mnayemtarajia, maana wengi wanafunga viwili. Chaki hesabuni kwa boksi. Kazi ya wavu ifungwe fundo lolote la juu likiteleza. Sakafu ifungwe kina kikishuka chini ya sentimita 3.

Daftari la hali ya kazi lisiwe hadithi. Bandikeni alama ya tepu sakafuni mbele ya kila kazi, piga picha kutoka alama hiyo hiyo asubuhi kabla ya kufungua na jioni baada ya kufunga. Safu nne tu: tarehe na saa, sehemu gani, imetokea nini, aina yake. Aina ziwe tatu: uchakavu ulioruhusiwa, uharibifu, wizi. Mkichanganya, baada ya mwezi hamtajua kama shaba iliondoka kidogo kidogo mchana au yote usiku mmoja, na majibu ya mambo hayo mawili hayafanani.

Jambo dogo ambalo wengi wanalipita: picha za ukuta mnazoweka mtandaoni. Watu wanaandika majina ya wenzao, namba za simu, nani anatembea na nani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Pitieni picha, funikeni namba na majina kabla ya kuziweka. Tusi au namba ya mtu ikionekana ubaoni ifutwe saa ile ile, isisubiri zamu.

Godauni_Moshi

Nimeshika, wakuu. Wavu tumeufunga tangu jana. Mpiga picha amejibu kwa maandishi: hakuridhia, anataka zitolewe. Maswali mawili yamebaki. Jumamosi hii kuna shule tatu, wanafunzi 150, na bao na fremu hazitakuwa tayari. Pili, picha mpya tuzibandike kwa nini ili zitoke bila kung'oa chokaa?

FundiKenchi

Jumamosi: makundi ya 25, dakika 30 kila kundi, kundi moja tu ndani. Sita yanaisha kwa saa 3. Kwa kufungia vitenge, funga kamba moja ya katani kati ya nguzo mbili nje, kimo mita 1.2, mvutano wa mkono tu, ukikaza sana watakaa juu yake. Vikate mapema, mkasi usionekane. Maganda yazungushieni kamba siku hiyo, 150 wakikimbia humo hamtaonana.

Chokaa_na_Brashi

Kuandika Jumamosi: laza karatasi ya kaki sakafuni, mita 10, mawe pembeni, watoto wapige magoti. Karatasi ikiwa chini hakuna anayeuangalia ukuta.

Picha msibandike ukutani kabisa. Zibandike kwenye plaiwudi nyembamba ya mm 4 kwa gundi ya unga, kikombe 1 cha ngano kwa 4 vya maji, koroga motoni mpaka ing'ae, ipoe. Ongeza kijiko kidogo cha shabu kwa lita, isioze haraka, ingawa mende bado wataitafuta, kwa hiyo msipake nje ya ukingo wa karatasi. Bandika karatasi tupu nyuma pia, la sivyo plaiwudi itapinda kama kipande cha bomba ikikauka. Kisha vipande vyote vining'inizwe kwenye mbao moja ndefu ya mbili kwa mbili kwa skrubu, na mbao ndiyo ishikwe ukutani, kwenye viungo kati ya mawe. Usitoboe jiwe lenyewe. Chapisheni seti mbili mapema, ya pili ikae ofisini.

Na karatasi yenye maandishi ya watoto msiitupe jioni, mwulizeni kwanza msanii wa ukuta.